Kondoo Ambaye Hakuchinjwa

Fomu ya benki ilitaka nitie alama mahali pamoja tu: nimeolewa, sijaolewa, nimeachika, nimefiwa. Nikatia kwenye "sijaolewa" na kufungua ukurasa wa pili. Wapo watu hapa Bloemfontein, na baadhi ni ndugu zangu wa damu, ambao mpaka leo husema Disebo Khiba aliidanganya benki. Sikudanganya. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, msimamizi wa idara ya kufua nguo hospitalini, mwenye akili zangu timamu, na sikuwahi kuchinjiwa kondoo. Kwetu Basotho, mwanamke aliyetolewa mahari akapelekwa kwa wakwe bila kuchinjiwa kondoo wa kumpokea, huyo hajaolewa. Anakaa tu.

Lakini benki haijui habari za kondoo. Inajua karatasi.

Afisa mikopo aliyenihudumia aliitwa Reitumetse, binti wa miaka ishirini na kitu, mwenye kucha ndefu za zambarau ambazo sijui alizitumiaje kubonyeza kompyuta kwa kasi ile. Alipitia karatasi zangu moja moja huku akitikisa kichwa kwa furaha.

"Ausi Disebo, hongera," akasema, akiniita dada kwa lugha yetu. "Mshahara unatosha. Hudaiwi na duka la nguo, hudaiwi na kampuni ya simu, na cha kuanzia unacho. Watu wa namna hii nawapata mmoja kwa mwezi."

"Miaka sita nimejinyima, mdogo wangu. Hata nywele nasuka mwenyewe."

"Naona," akasema akiziangalia, nikajuta kuzitaja. Kisha akageuza karatasi yangu ya mshahara na kuweka ukucha kwenye mstari wa chini kabisa. "Ila hapa nieleze. Makato ya bima ya mazishi: mwanachama na mume. Jina la mume, Mohapi, T. Kwenye fomu umesema hujaolewa. Huyu bwana unayemlipia jeneza kila mwezi ni nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nilimweleza kwa kifupi, nanyi nitawaeleza kwa urefu kidogo. Miaka kumi na miwili nyuma, wajumbe wa ukoo wa Mohapi walitoka Botshabelo wakaja kwa malome wangu Thejane, kaka wa mama yangu, kuniposa kwa ajili ya kijana wao Tankiso. Wakakubaliana ng'ombe sita. Wakatoa wanne, kwa fedha kama ilivyo siku hizi, wakaandika barua, wote wakatia sahihi. Nikapelekwa kwao. Siku ile ndiyo kondoo alipaswa kuchinjwa, lakini mwaka ule mkwe wangu mwanaume hakuwa na kazi na zizi lilikuwa tupu. Mama mkwe, MmaTankiso, akatoka jikoni na kuku mzima kwenye sahani ya bati. "Mwanangu, kula huyu kwanza," akasema. "Kondoo ni Krismasi." Nikala, nikashukuru. Krismasi ikaja na nyingine ikafuata. Tankiso akapata kazi kwenye migodi ya Rustenburg. Miezi miwili alituma fedha, mwezi wa tatu alituma salamu, wa nne hakutuma kitu, na habari zikaja zenyewe kwamba anaishi na mwanamke mwingine. Nikafungasha nguo zangu nikarudi mjini. Hakukuwa na talaka, kwa kuwa hatukuona cha kutalikiana.

Na bima? Bima nilimwandikisha wakati mambo yalipokuwa bado mazuri. Alipoondoka nilienda mpaka ofisini kwao kumtoa, fomu nikaishika mkononi, nikashindwa. Kumtoa mtu kwenye bima ya mazishi ni kumwambia ukifa shauri yako. Wiki ijayo gari likimgonga, utawaeleza nini watu? Nusu ya wanawake ninaofua nao mashuka ya hospitali wanawalipia majeneza wanaume ambao hata hawawasalimii. Sisi ndivyo tulivyo, na wala si jambo la kujivunia.

Reitumetse alinisikiliza mpaka mwisho. "Pole," akasema. "Lakini sheria ya hapa inaitambua ndoa ya kimila. Mahari yamejadiliwa, mmekaa pamoja, na wewe mwenyewe unamwita mume kwenye mshahara wako. Wakili wa benki atasema mmeoana, tena kwa mali ya pamoja. Hapo hatuwezi kukupa mkopo bila sahihi yake, na ukinunua, nusu ni yake."

"Nusu ya nini?"

"Ya nyumba."

"Nyumba ya nani?"

"Ausi Disebo, usinifokee. Si mimi niliyekuoa."

Nikaomba radhi. Nikamuuliza nifanyeje.

"Lete barua ya mahari. Lete kiapo cha huyo bwana, chenye mhuri wa polisi, kwamba hamkuoana. Lete na kiapo cha mkubwa wa upande wao, aliye hai. Wakili akiridhika na vyote vitatu, mkopo unapita." Akavuta mkataba wangu wa kununua na kuisoma tarehe. "Muuzaji amekupa mpaka Jumatatu, si hii inayokuja, ile inayofuata, saa kumi jioni. Mkopo usipopita saa hiyo mkataba umekufa, na dalali kaniambia kuna mtu mwingine anaingoja hiyo nyumba kwa fedha taslimu."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Nikahesabu kwenye vidole: siku kumi na mbili.

Nyumba yenyewe si ya kutisha. Iko Lourierpark, vyumba viwili vya kulala, bati jekundu lililopauka, mti wa pichi nyuma. Ukiuliza kwa nini niliing'ang'ania, nitakwambia habari ya garaji. Mama yangu alifia kwenye chumba cha uani, cha kupanga, huko Rocklands, chumba hicho hicho ninachokaa mimi. Mwili kwetu hurudishwa nyumbani usiku wa mwisho, watu wakeshe nao, asubuhi utoke kwa mlango wa nyumba yake kwenda makaburini. Mama hakuwa na mlango. Jeneza halikuingia chumbani, na mwenye nyumba hakutaka msiba sebuleni kwake. Akahamisha gari lake, akatufungulia garaji. Nilikaa usiku kucha kwenye godoro la wafiwa juu ya sakafu yenye madoa ya oili, na aliyekaa godoroni pamoja nami ni MmaTankiso, aliyetoka Botshabelo ingawa mwanawe alikuwa ameshaniacha miaka mitatu. Alinishika mkono mpaka asubuhi. Tangu siku hiyo nikaapa kwamba mimi sitatolewa garajini. Ndiyo maana nilijinyima, ndiyo maana nywele zangu ziko hivi.

Barua ya mahari ilikuwa rahisi. Malome Thejane aliitoa kwenye kopo la biskuti siku ya pili yake, imekunjwa vizuri, imeandikwa kwa mkono: ng'ombe sita, wanne wamepokelewa, wawili watafuata, na kondoo wa kumpokea bibi harusi atafuata.

"Nimeitunza ili siku moja tuwadai hao wawili," akasema.

"Malome, mimi sitaki ng'ombe. Nataka nyumba."

"Vyote vinawezekana, mpwa wangu."

"Malome!"

"Haya, chukua. Lakini usiikunje upande huo."

Jioni hiyo hiyo nikampigia Tankiso. Namba yake nilikuwa nayo kwa sababu bima iliitaka.

"Disebo! Jamani! Nilidhani umekufa," akasema kwa furaha kabisa.

"Nikifa mimi jeneza lako utalipata wapi? Nina shida. Nataka uende polisi uniandikie kiapo kwamba mimi na wewe hatukuoana."

"Kwa nini?"

Hapo nikafanya kosa la kusema kweli. Nikamwambia nanunua nyumba. Nikamsikia akimeza mate.

"Ina vyumba vingapi?"

"Tankiso."

"Nauliza tu. Mke akinunua nyumba, mume lazima ajue kama bafu liko ndani au nje."

"Juzi hukuwa na mke."

"Juzi hukuwa na nyumba," akasema, akacheka sana, na nikasikia mwanamke nyuma yake akiuliza anacheka nini. "Sikiliza, mama. Sahihi nitatia. Lakini na mimi nipate kitu kidogo cha kunifuta jasho."

"Jasho la nini?"

"Randi elfu ishirini tu. Kwa mtu wa nyumba hiyo si kitu."

Nikakata simu. Elfu ishirini nilikuwa nazo. Ndizo zilikuwa za wakili wa kuandikisha hati, na hata kama zingekuwa za kuchezea nisingempa.

Jumamosi nikaenda Botshabelo. Nilijua MmaTankiso ananipenda, nikafikiri kwake itakuwa kama kuomba chumvi. Nilimkuta anafagia kizingiti, akanikumbatia, akanikalisha, akaniletea chai na maandazi. Nikamuuliza mguu wake mbovu unaendeleaje, kisha nikamsimulia yote. Alipoelewa ninachotaka, akaweka kikombe chini.

"Kondoo alichinjwa," akasema.

Nikadhani sikusikia. "Mme," nikasema, yaani mama kwa Kisotho, "alikuwa kuku."

"Alichinjwa. Umesahau, ulikuwa mdogo."

"Nilikuwa na miaka ishirini na saba! Kuku mweupe, ukamweka kwenye sahani ya bati yenye maua ya bluu, ile pale!"

Sahani ilikuwa kabatini, imesimamishwa nyuma ya vikombe. Sote wawili tukaitazama. MmaTankiso akainuka, akavuta pazia la kabati.

"Mme wangu, nakuomba," nikasema. "Ni karatasi tu. Uape kwamba hukunichinjia, basi."

"Karatasi tu? Mume wangu alipokufa, ni nani aliyevaa blanketi la mkwe, akawapikia waombolezaji siku saba, mbele ya ukoo mzima? Leo niende polisi, pale kwa watoto niliowafundisha shule ya Jumapili, niape kwamba aliyemzika mume wangu alikuwa mgeni?"

"Wewe ulikuwepo garajini. Ulikiona mwenyewe nilichokipata."

"Nilikuwepo kwa sababu wewe ni mkwe wangu. Kama si mkwe wangu, nilikuwa nafanya nini kwenye godoro lile? Hebu niambie."

Mtu aliyebanwa husema neno baya. Nikamwambia, "Ungekuwa na haya ungenichinjia huyo kondoo zamani."

MmaTankiso alichukua kikombe changu, chai ikiwa nusu, akaenda kukiosha. Nikaondoka. Nilijuta kabla sijafika kituo cha basi, lakini sikurudi. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa na hasira zaidi na nafsi yangu, na nyumba ilikuwa inaniponyoka huku naiona.

Jumatatu nikaenda benki na barua ya malome peke yake. Zilibaki siku saba. Nikamweleza Reitumetse habari za elfu ishirini na habari za sahani. Akaisoma barua, akafika kwenye kondoo, akaguna.

"Hii inasaidia, lakini haitoshi," akasema. "Huyo Tankiso wako ana nini huko Rustenburg?"

"Si wangu."

"Ana nini?"

"Ana gari la kubebea mizigo. Kajenga vyumba vinne. Na miaka kumi ya akiba ya uzeeni mgodini. Mama yake hunitajia."

"Na huyo mwanamke aliye naye?"

"Wanafunga ndoa kanisani Desemba. Mfuaji mwenzangu ana dada huko Rustenburg, ndiye aliyeniambia."

Reitumetse akaegemea kiti na kunitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyekaribia jibu. "Ausi Disebo. Mali ya pamoja ni ya pande mbili. Wewe unalilia nusu yako. Nusu yake je? Na mwanaume mwenye mke wa kimila, kanisani anafungishwa ndoa na nani?"

Nilisimama, nikamshika mkono na kucha zake zote, nikatoka nje, nikampigia simu Tankiso nikiwa nimesimama kwenye ngazi za benki.

"Tankiso, mume wangu," nikasema.

"Nani huyu?"

"Mke wako. Nimekaa nikafikiri, nikaona una haki. Sisi tumeoana. Sasa nije lini Rustenburg kuiona nusu yangu?"

"Nusu ipi?"

"Ya vyumba vinne, mpenzi. Viwili vyangu. Nitapenda vya mbele. Na akiba ya mgodini tutagawana, usiwe na wasiwasi, mimi si mchoyo. Gari usiliuze, ni letu. Malome naye anauliza ng'ombe wake wawili watakuja kwa miguu au kwa lori."

"Disebo, ngoja kwanza..."

"Na harusi ya Desemba nitakuja. Mchungaji akiuliza kama kuna mwenye pingamizi nisimame upande gani, wa kulia au wa kushoto? Niambie mapema nishone nguo."

"We mwanamke una wazimu!"

"Mwanamke yupi? Mkeo?"

Kiapo chake kiliifikia benki Jumatano kabla ya saa sita mchana, kimepigwa mhuri wa polisi wa Rustenburg, kikisema kwamba yeye Tankiso Mohapi hakuwahi, kwa mila wala kwa serikali, kumwoa Disebo Khiba, wala hadai kitu chake chochote. Mtu huyu huyu fedha ya sabuni ilimshinda kutuma baada ya miezi miwili. Reitumetse alinisomea kwa simu, tukacheka wote wawili, kisha akaacha kucheka.

"Bado mama," akasema. "Wakili hatalegea kwa huyo mkubwa wa ukoo."

Nilimpigia MmaTankiso Alhamisi, simu ikaita mpaka ikakatika. Ijumaa vivyo hivyo. Jumamosi na Jumapili nilikuwa zamu, na wagonjwa hawaachi kuchafua mashuka kwa sababu Disebo ana shida. Nilimtumia ujumbe: Mme, nisamehe lile neno. Sikuandika habari ya kiapo. Nilitaka kuandika, nikafuta. Usiku wa Jumapili nilikuwa nimeanza kujisemea kwamba zipo nyumba nyingine, kwamba miaka sita mingine si mingi, na kila nilipojisemea hivyo niliiona garaji.

Jumatatu asubuhi, saa tatu, nikiwa nahesabu mashuka ya wodi ya wazazi, mlinzi akapiga simu kutoka getini.

"Ausi Disebo, mama yako yuko hapa."

"Mama yangu alishakufa."

"Basi ni mwingine. Amevaa sare ya kanisa, na hataki kukaa."

Nilikimbia na gauni la kazi. MmaTankiso alisimama pembeni ya geti, blauzi nyekundu, kofia nyeupe, mkoba kifuani. Alikuwa amepanda basi la kwanza kabisa kutoka Botshabelo. Hakunisalimia.

"Polisi wa huku wako wapi?" akauliza.

"Mme, hata Botshabelo polisi wapo."

"Wale wananijua. Twende kwa wasionijua."

Nikaomba ruhusa ya kutwa kwa mkuu wangu, tukatembea. Alikuwa anatembea haraka kuliko mimi. Tulipovuka barabara ya pili ndipo akasema.

"Mwanangu alinipigia simu. Mwaka mzima hajapiga, lakini wiki iliyopita kapiga mara tatu siku moja. Mama, kaape haraka, mama, utaniharibia harusi. Hakuuliza mguu wangu unaendeleaje. Na hiyo harusi ndipo naisikia mara ya kwanza, mimi mama yake." Akasimama kupumua. "Nikajiuliza, namlinda nani mimi? Wewe ulipokuja, kabla ya kudai chochote uliniuliza habari ya mguu."

"Mme, lile neno nililosema..."

"Lilikuwa kweli. Ndiyo maana nilikasirika."

Konstebo wa zamu alikuwa kijana mpole mwenye kalamu iliyokwisha wino. Akatafuta nyingine, akaandika jina, umri, anuani. "Haya Mme, sema."

MmaTankiso akavua kofia, sijui kwa nini, akaishika mikononi. "Andika kwamba mimi ni mkubwa wa nyumba ya Mohapi. Andika kwamba binti huyu aliletwa kwangu, na nilipaswa kumchinjia kondoo, na sikuchinja. Siku ile sikuchinja, na baadaye sikuchinja. Kwa mila yetu hakupokelewa, kwa hiyo hakuolewa."

Konstebo akaandika, akiyarudia maneno taratibu. "Basi? Inatosha hapo."

"Bado. Andika kwamba nilimpa kuku, akala, akanishukuru, na alipokaa kwangu hakunisimanga hata siku moja kwa hilo."

"Mme, hiyo benki hawaihitaji."

"Nimekula kiapo niseme kweli yote au nusu?"

Konstebo akanitazama, mimi nikatazama ukuta kwa sababu machozi yalikuwa yamenitoka. Akaandika. MmaTankiso akatia sahihi kwa herufi kubwa, polepole, mhuri ukapigwa, na saa saba na robo karatasi ilikuwa mezani kwa Reitumetse. Saa tisa na nusu, wakili aliposema sawa, Reitumetse alitoka nje ya ofisi yake kutuambia, akatukuta tumekaa kwenye viti vya wateja tunakula machungwa.

"Umepita," akasema. "Ausi, mkopo umepita!"

Nilipiga kelele mpaka askari wa benki akaja. MmaTankiso alimwambia askari arudi alikotoka.

Kabla hatujaachana siku hiyo nilimpitisha ofisi ya bima, palepale mtaa wa pili. Nikamwambia wazi, "Mme, leo namtoa Tankiso."

"Mtoe. Huyo wa Desemba amlipie."

"Na nafasi yake nakuandika wewe."

"Kama nani? Nimetoka kuapa sasa hivi kwamba si mkwe wangu."

Fomu ilikuwa na mstari wa uhusiano. Nikaandika mama. Akainama kusoma bila miwani, akachukua muda mrefu kwa neno fupi vile, kisha akasema tufanye haraka, basi litamwacha.

Hati ilisajiliwa Agosti, siku ya Jumanne, nikapewa funguo. Jumamosi yake, ya kwanza kwangu, baridi kali, nilikuwa natundika mapazia niliposikia gari likisimama. MmaTankiso akashuka mbele. Nyuma ya gari, amefungwa kamba, alikuwepo kondoo.

"Mme, usimshushe!" nikapiga kelele kutoka dirishani. "Usimshushe kwanza!"

Nikampigia Reitumetse ingawa ilikuwa siku ya mapumziko. "Mdogo wangu, hati yangu imeshasajiliwa kabisa?"

"Tangu Jumanne. Si una funguo?"

"Sasa mtu akinichinjia kondoo leo, nimeolewa?"

"Na nani?"

Nikachungulia nje. Kulikuwa na bibi kizee, kondoo, na dereva wa miaka sabini aliyekuwa anachokonoa meno. "Hakuna mwanaume," nikasema.

"Basi hiyo ni nyama tu, ausi. Niwekee mbavu."

MmaTankiso hakuingia. Alipiga hodi kwenye mlango wangu uliokuwa wazi, akangoja nje, kofia kichwani, mpaka nilipokuja mwenyewe kumkaribisha. Kondoo akachinjwa chini ya mti wa pichi. Nyama akaipika yeye, hakutaka niguse mwiko, na ilipoiva akafungua mkoba, akatoa kitu kilichoviringishwa gazeti. Ilikuwa sahani ya bati yenye maua ya bluu. Akaweka kipande cha kwanza.

"Kula, mwanangu."

Nikala nimesimama jikoni kwangu, nalia, na sikuona haya. Nilipomaliza nikaiosha sahani ile ile, nikapakua tena, nikavuta kiti nilichokuwa nacho, nikamwambia akae ahudumiwe, maana safari hii mgeni alikuwa yeye.